Gitaa au kaunta? Ulinganisho kwa msanii anayeota kufungua baa ya mtaa

Swali hili huletwa na watu wa aina moja. Mtu ana nyimbo kwenye daftari, au picha zimeegemezwa ukutani sebuleni. Ana kazi inayomlisha ila haimnogei, na sasa ameshika pesa kidogo: mafao, zamu yake ya upatu, au kiwanja kilichouzwa. Anataka kuacha ajira, na ndoto zake ni mbili. Ya kwanza ni kurekodi, kuchora au kuandika hadi ajulikane kwa kazi hiyo. Ya pili ni baa. Haoti klabu ya usiku ya wenye magari. Anaota baa ya mtaa, viti vya plastiki chini ya mwarobaini, nyama ikichomwa pembeni, jukwaa dogo kwenye kona, na yeye mwenyewe akizunguka meza hadi meza akisalimia watu.

Nimepiga besi kwenye baa za watu na nimesimamia kaunta ya ndugu yangu, kwa hiyo nitaziweka ndoto hizo mbili ubavu kwa ubavu. Nazungumzia Dar es Salaam, ndiko ninakokujua. Msomaji wa Mwanza au Mombasa atabadilisha bei na majina ya bia.

Pesa ya kuanzia

Baa inakula pesa kabla ya mteja wa kwanza kukaa. Mwenye nyumba hataki pango la mwezi mmoja, anataka la miezi sita au mwaka. Kisha kuna kitu ambacho wageni wa biashara hii hawakiwazi kabisa: kreti na chupa tupu. Kama huna tupu zako, unazinunua au kuziwekea amana, kwa hiyo sehemu ya mtaji wako inakuwa vioo vilivyopangwa stoo, na kila chupa inayovunjwa na mlevi ni pesa yako inayofagiliwa. Friji unaweza kupata nafuu, maana kampuni za bia huwapa wateja wao friji zenye nembo, wakati mwingine na viti na miavuli. Lakini friji hilo ni la kampuni, na afisa mauzo akipita anataka kuona bia za kwake zimejaa ndani, si maji na soda. Ongeza meza, spika, king'amuzi cha mpira, na vyoo ambavyo bwana afya atavikubali.

Sanaa haidai hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akiuza picha zake nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na mtindo wake ukabaki na jina lake. Wachoraji waliomfuata waliunda ushirika wao mwaka 1990, palepale Oysterbay. Kwa thamani ya ubao na makopo ya rangi huwezi kufungua hata grosari.

Ila usidanganyike hapo. Sanaa inakuachia pesa yako mwanzoni, kisha inakuja kuichukua polepole. Gitaa unalo tayari. Usichokuwa nacho ni kodi ya nyumba na ada ya watoto kwa miezi ambayo hakuna aliyekuita popote. Pesa ileile ya kufungulia baa ndiyo itakayokulisha ukisubiri. Baa inaimeza siku moja, sanaa inaimega kila asubuhi unapokwenda sokoni.

Hesabu ya chupa

Watu wanapenda kusema "pombe haikosi wateja". Kweli haikosi, lakini wateja wanagawanywa na baa nne za mtaa mmoja. Chukua mfano huu na uweke tarakimu za mtaani kwako. Tuseme kila chupa, ukitoa bei uliyonunulia, inakuachia shilingi 400. Pango ni 500,000 kwa mwezi. Wahudumu wawili, mtu wa kaunta na mlinzi, jumla 1,000,000. Umeme 250,000, kwa kuwa friji hazizimwi. King'amuzi, usafi, leseni na ushuru mdogomdogo, 150,000. Jumla ni 1,900,000. Gawanya kwa 400: unatakiwa kuuza chupa 4,750 kwa mwezi, kama 158 kila siku, Jumatatu ya mvua ikiwemo, kabla hujapata shilingi ya kupeleka nyumbani. Hapo sijahesabu kodi ya mapato, wala bia za shemeji zako.

Ndiyo maana baa nyingi zinakodisha jiko. Mchoma nyama anakulipa kwa siku au kwa mwezi, kitimoto na chipsi ni zake, wewe unabaki na vinywaji. Jiko zuri linaweza kulipa sehemu kubwa ya pango, na kusema kweli ndilo linalovuta watu. Mteja anafuata nyama, bia inafuata mteja. Ukiwa umechagua baa, tafuta mchoma nyama mwenye jina kabla hujatafuta jina la baa.

Kwa upande wa sanaa hesabu haina mstari ulionyooka namna hii. Mwezi huu harusi mbili, miezi miwili kimya. Mirabaha ipo kwa aliyesajili kazi zake na kazi hizo zikapigwa, lakini kwa anayeanza si ya kuandalia bajeti ya mwezi. Mtandaoni unalipwa kwa wingi wa wasikilizaji, na wasikilizaji hawaji kwa wimbo mmoja. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii; mkopo ni mkopo, utarudishwa. Kwa hiyo kwenye pesa baa inashinda kwa jambo moja: ikishasimama, kuna kitu mezani kila siku. Kama una watoto wadogo na mwenzako hana kipato, hilo si jambo dogo.

Saa zako zinakwenda wapi

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na ndipo watu wanapopita haraka. Pesa unaweza kukopa. Usiku wa Ijumaa haukopeshwi.

Mwenye baa anawaza kwamba ataandika nyimbo mchana na kuuza jioni. Tazama asubuhi yake. Kaunta inakabidhiwa. Bia za aina moja zilizolala jana 140, zimeingia 80, leo zimebaki 97. Zimeuzwa 123, bei 2,500, inatakiwa iwepo 307,500. Taslimu kwenye droo 181,000. Lipa namba, yaani malipo ya simu, inaonyesha 98,500. Karatasi za madeni 20,000. Pungufu 8,000, hiyo ndiyo shoti, na mtu wa kaunta anaapa hajui imekwendaje. Hiyo ni aina moja ya bia. Una aina kumi na mbili, soda, maji, na Konyagi inayouzwa kwa toti, ambayo hesabu yake inategemea mkono wa anayemimina. Ukimaliza saa 5 asubuhi gari la jumla linafika. Saa 8 fundi friji. Saa 10 wahudumu, mmoja hakuja, unapiga simu.

Na kuna wizi ambao hesabu hiyo haiukamati. Mhudumu ananunua kreti yake huko nje, anaichomeka kwenye friji lako, anauza zake kwanza. Asubuhi stoku yako iko sawasawa, shoti hakuna, ila mauzo yameshuka na hujui kwa nini. Dawa yake ni moja, uwepo wako kaunta jioni nzima. Baa ya mtu asiyekuwepo ni ya wahudumu.

Halafu jioni yenyewe. Ulidhani utakaa na watu, na kweli utakaa nao, lakini wewe ndiye pekee ambaye hujapumzika. Mzee wa meza ya kona anakuita: "Bosi, njoo mara moja." Unakwenda. "We unanijua mimi. Niandikie mbili hizi, Ijumaa tunamalizana." Ukikataa, mtaa mzima utasikia una roho mbaya. Ukikubali, Ijumaa atapitia njia ya nyuma, na utakuwa umepoteza deni na mteja kwa pamoja.

Wengi wanaoniambia wanataka baa, nikiwasikiliza vizuri, wanachotaka ni kuwa mteja anayeheshimiwa. Wanataka meza yao, muziki wanaoupenda, watu wanaowajua kwa majina. Hayo unayapata kwa bei ya bia mbili kwa wiki, tena unarudi nyumbani bila kuhesabu chupa. Na muziki wa baa yako hautakuwa wako. Siku ya Simba na Yanga hakuna atakayekubali uzime runinga ili upige wimbo mpya. Siku nyingine wateja watataka singeli, au bongo fleva iliyotoka wiki hii, na wewe mfanyabiashara utawapigia, kwa sababu 158 ni 158.

Msanii naye ana saa zake mbaya. Anaweza kukaa siku nzima na mstari mmoja usitoke, na hakuna anayemfukuza kazi, jambo ambalo kwa wengine ni hatari kuliko bosi mkali. Kama wewe ni mtu ambaye bila kengele huamki, jiulize kwa dhati kama utaandika ukiachiwa mwaka mzima mweupe. Nimeona walioacha ajira kwa ajili ya sanaa wakaishia kulala hadi saa 4 na kulaumu serikali.

Waliotutangulia walikaa upande gani

Muziki wa dansi wa Dar ulikulia kwenye baa na kumbi, lakini wanamuziki wake wengi hawakumiliki baa, wala hata vyombo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadilika, jina la bendi nalo linabadilika, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ndiyo hii ya Msondo Ngoma. Mlimani Park, Sikinde wenyewe, walianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafiri, na mwaka 1983 wakachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, lililokuwa na kumbi na baa zake. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara. Hakuna aliyekuwa akihesabu chupa asubuhi, na muda huo wa asubuhi ndio uliokuwa wa mazoezi. Nyimbo zile zilizopangwa kwa umakini, magitaa matatu yakijibizana bila kugongana, zilitokana na mazoezi hayo.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye kauli. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye ukumbi wa Safari Resort kule Kimara, aliivunja bendi aliyokuwa nayo na kuunda International Orchestra Safari Sound kwa kuwavuta wanamuziki wa Mlimani Park, mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo akiwa miongoni mwao. Mwanamuziki alihama kwa mshahara mzuri zaidi, lakini jina na vyombo vilibaki vya tajiri.

Kinshasa walikuwa na njia tofauti kidogo. OK Jazz ilizaliwa mwaka 1956 ikipiga kwenye OK Bar, na jina la baa ndilo lililoingia kwenye jina la bendi. Miaka mingi baadaye Franco, kiongozi wa bendi hiyo, akawa na klabu yake mwenyewe, Un-Deux-Trois. Verckys, mpiga saksafoni aliyepitia OK Jazz, naye akajenga ukumbi wake, Vévé Center. Tazama mpangilio: muziki kwanza, watu wakajaa, kisha jengo. Walipofungua milango yao wateja walikuwa wameshawajua kwa miaka. Mtu anayefungua baa ili muziki wake upate wasikilizaji anaianza safari hiyo kutoka mwisho.

Vibali, kwa ufupi

Baa inahitaji namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, na leseni ya vileo ya halmashauri ambayo unaihuisha kila muda wake unapokwisha. Wahudumu wapimwe afya. Serikali ya mtaa wakukubali. Siku za kazi leseni ya kawaida ya baa inakupa jioni tu, mwisho saa 5 usiku, na wikiendi muda unaongezeka kidogo. Ukipiga muziki kuna ada ya hakimiliki, hata kama unapiga redio. Na kelele: NEMC, baraza la mazingira, wameshafungia baa na kumbi kwa sababu hiyo, kwa hiyo lile jukwaa dogo la kona unalolala ukiliota ndilo linaloweza kukufungia mlango. Kabla ya kulipa pango, simama kwenye kiwanja hicho usiku na uangalie madirisha ya jirani yako wa kwanza yako umbali gani.

Msanii anajisajili BASATA, baraza la sanaa, anasajili kazi zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, basi. Hapa sanaa inashinda bila mjadala.

Nyumbani watasemaje

Sipendi ulinganisho unaojifanya hili halipo. Katika familia nyingi, za Waislamu na za walokole, pesa ya pombe haiingii mezani. Mama anaweza kuikataa sukari uliyomnunulia. Ukiwa wa familia hiyo na umeamua, sawa, lakini usitegemee nguvu kazi ya ndugu, wakati baa nyingi za mtaa zinasimama kwa mke, mdogo mtu na binamu. Muziki nao hauna heshima kila nyumba, ila malalamiko yake huwa yanapungua siku unapoonekana kwenye runinga. Na kama unachokitaka hasa ni watu na mazungumzo, kijiwe cha kahawa na mgahawa wa jioni vina watu wale wale kwa vibali vichache na usingizi mzuri zaidi. Faida ni ndogo, hilo nalo lisemwe.

Njia ya kati ambayo wengi wanairuka

Unaweza kuwa na usiku mmoja kwa wiki kwenye baa ya mtu mwingine. Mwenye baa ana Jumatano yake iliyokufa, viti vitupu, wahudumu wanachezea simu. Unamwendea na pendekezo: wewe unaleta bendi ndogo, gitaa mbili, besi na mpiga ngoma, yeye anatoa umeme, jukwaa na usalama. Utaratibu wa zamani wa mjini ni kwamba mlango ni wa bendi na vinywaji ni vya mwenye ukumbi. Siku hizi mitaani kiingilio kinafukuza watu, hivyo wengi wanakubaliana kiasi maalumu cha usiku pamoja na pesa za kutunzwa, zile noti ambazo wateja wanakuja kuwabandika wapigaji kwenye paji la uso. Pedeshee mmoja aliyefurahi anaweza kuzidi malipo ya mwenye baa, ila usimwekee bajeti.

Katika njia hiyo unapata jukwaa la ndoto ya kwanza na watu wa ndoto ya pili. Unakosa umiliki, na kwa wengine umiliki ndio ndoto yenyewe. Hao wataona nawapa makombo. Sawa. Lakini hata kwao Jumatano hizo ni shule: utajua watu wangapi wanakufuata wewe, utajua baa ile inauza chupa ngapi ukiwepo na ngapi usipokuwepo, na hakuna mwenye nyumba anayekudai. Mchoraji anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuta, baa nyingi za Dar zinahitaji rangi na picha; mwandishi sijui, baa yenye runinga tatu si mahali pa kusoma hadithi.

Nani achukue ipi

Chukua baa kama unapenda biashara yenyewe, kama kuona hesabu imefunga asubuhi kunakupa raha, na uko tayari sanaa iwe ya Jumapili. Wapo watu hao, na baa zao ni nzuri. Wateja wanazeeka nazo. Kabla ya kusaini lolote, omba ukae kaunta ya mtu unayemfahamu kwa mwezi mzima, uifunge kila usiku na kuifungua kila asubuhi. Ukitoka hapo bado unaitaka, ni yako.

Chukua sanaa kama tayari unafanya kazi hiyo bila kuulizwa na mtu, kila wiki, hata sasa ukiwa na ajira. Kama hufanyi sasa, muda mwingi zaidi hautakufanya uanze. Na usiache kazi kwa mkupuo. Tenga pesa ya kula kwanza, ununue vyombo baadaye.

Baa na sanaa kwa pamoja, ukiwa peke yako, mimi sishauri. Ukiwa na mbia wa kweli wa kukaa kaunta, mtu mwenye hisa zake ndani na si mpwa unayemlipa nauli, ndipo jambo linawezekana.

Wengine wote, nendeni mkaombe Jumatano. Makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: nani analipa usafiri wa vyombo, bendi inapata vinywaji vingapi na chakula gani, nani anabeba ada ya hakimiliki, muziki unazimwa saa ngapi. Na kwa kuwa baa zetu nyingi ni za wazi, liandikwe pia la mvua: ikinyesha saa 2 usiku wakati mmeshafunga nyaya, bendi inalipwa nusu, inalipwa yote, au inarudi bure.